Stadi mbili zimekatika, sisi tunalalamikia kuchelewa

Nimekuwa kimya kidogo, mnajua tena mambo ya testi na ripoti. Leo sina stori ya kafteria wala ya bumu kuchelewa. Kuna jambo linanikera tangu turudi field. Kwenye grupu la darasa bado kuna watu wazima na akili zao wanalalamika kwamba "tulipotezewa siku nzima Chalinze kwa ajili ya nati".

Kwanza, haikuwa nati. Zilikuwa ni stadi, yaani zile bolti zinazotoka kwenye habu, ambazo ringi inavishwa juu yake halafu nati ndiyo inafunga. Kwa ambao hawakuwepo: tulikuwa tunaelekea Kidatu kuona mitambo ya umeme, tumekodi Coaster ya zamani, ile ya tairi mbili mbili nyuma na stadi sita kila upande. Chalinze, wakati watu wanakula mahindi, jamaa mmoja akaona nyuma kushoto kuna stadi mbili hazipo. Dereva akasema nne zilizobaki zinatosha, tutatengeneza tukirudi. Nusu ya basi ikamuunga mkono. Fundi wa gereji ya jirani, mzee mtaratibu kweli, akasema: "Wanangu, mkitaka nendeni, lakini mimi sijaligusa hilo gari." Ndipo tukashuka.

Msimamo wangu ni huu: fundi alikuwa sahihi, na hata kudai zibadilishwe zote sita alikuwa sahihi. Nitaeleza kwa nini.

Wengi wetu tunadhani stadi ndiyo inayobeba uzito wa gari, kama msumari unavyobeba koti ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa inaivuta stadi, stadi inanyooka kidogo sana kama mpira mgumu, na ule mvuto unaibana ringi kwenye habu. Kinachobeba ni msuguano wa chuma kwa chuma. Mbano ukilegea, ringi inaanza kucheza. Hapo kila mzunguko wa gurudumu unaikunja stadi kidogo na kuirudisha, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka chuma kinachoka. Ufa unaanza padogo kwenye uzi, unatambaa, halafu siku moja, paa! Haina haja ya shimo wala tuta.

Sasa kazi ya sita inafanywa na nne. Hesabu ya darasa la saba inasema kila moja imeongezewa nusu ya mzigo wake. Na hazigawani sawasawa, zile za jirani na pengo ndizo zinazoumia zaidi. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ya mafundi wa magari makubwa ni kwamba ikikatika moja, unabadilisha na jirani zake wa kushoto na kulia. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, unabadilisha zote. Zilizobaki si nzima, ni majeruhi wanaosimama.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakukiona kwa sababu walikuwa kivulini. Fundi alipovitoa vipande, kimoja kilikuwa na kutu mpaka ndani ya mvunjiko. Kingine kilikuwa kinang'aa. Maana yake ni nini? Cha kutu kilikatika zamani, cha kung'aa kilikatika karibuni. Yaani tulipanda basi asubuhi tukiimba, na tayari lilikuwa na tano. Ya pili ilifuata njiani. Niambieni, ya tatu ingesubiri Mikumi?

Kuhusu muda. Kuna mtu ameandika eti "stadi ni kugonga tu nyundo, dakika kumi". Dah! Kwenye gari kama lile unalegeza nati tairi zikiwa bado chini, unaweka vigingi, unapiga jeki, na chini ya ekseli unaweka stendi, kwa sababu jeki peke yake si ya kuamini. Unatoa tairi mbili. Unachomoa ile shafti inayotoka kwenye difu, unafungua nati ya beringi, unatoa habu na dramu ya breki. Stadi ya zamani inasukumwa nje kwa presi, mpya inaingizwa kwa presi mpaka kichwa kikae sawasawa, kwa sababu ina meno ya kung'ata tundu la habu isizunguke. Ukigonga habu ikiwa juu ya gari, kipigo kinaishia kwenye beringi. Ukiivuta stadi mpya kwa nati yake, unauchosha uzi hata kabla ya safari. Wakati wa kurudisha, beringi zinapakwa grisi, na sili ya oili inawekwa mpya ili oili isije ikalowesha breki.

Na spea nazo. Mabasi na malori mengi ya zamani ya Kijapani yana uzi wa kinyume upande wa kushoto, na letu lilikuwa la namna hiyo. Zilizokuja mara ya kwanza na basi la kutoka Morogoro zilikuwa za kulia. Mzee akazirudisha. Dereva alitaka zilazimishwe. Hapo ndipo saa mbili zaidi zilikwenda, na mimi naziita saa mbili za thamani kuliko mihadhara kadhaa ya muhula huu.

Wanaosema "mbona daladala zinatembea hivyo hivyo na zinafika" nawajibu hivi: waliofika ndio wanaosimulia. Na kumbukeni kushoto ni upande wa nani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gurudumu la kushoto likichomoka linakwenda kwa wauza maembe, wanafunzi wa shule na waenda kwa miguu. Japani, nao wanaendesha kushoto, na takwimu za serikali yao zinaonyesha kwamba magurudumu yanayochomoka kwenye magari makubwa kwa sehemu kubwa sana ni ya nyuma kushoto. Na si Coaster tu. Wamarekani wenye yale magari-nyumba ya zamani yaliyojengwa juu ya chasisi ya lori nao wana ekseli ya tairi mbili mbili na matatizo yaleyale.

Hata hivyo tusimrukie kila fundi au dereva. Januari 2002 huko Yokohama gurudumu la lori lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Mtengenezaji, Mitsubishi, mwanzoni alisema ni matengenezo mabovu ya mwenye gari. Mwaka 2004 ikakubaliwa kwamba habu yenyewe ilikuwa na kasoro. Funzo ni kwamba kipande kilichovunjika ni ushahidi. Hakitupwi, kinachunguzwa. Vyetu ninavyo hapa chumbani, mwenye kutaka kuviona apite.

Hoja ya pesa naielewa. Tulichangishana elfu tano tano, na kuna wenzetu hawana bumu, walikula mkate mkavu siku mbili. Hilo liliniuma. Lakini hasira ielekezwe panapostahili: kwa mwenye basi, ambaye alipokea hela yetu yote kabla ya safari. Yeye ndiye anayetakiwa kurudisha mchango, si fundi kulaumiwa kwa kutuchelewesha.

Kwa hiyo napendekeza safari ijayo CR asilipe hela ya mwisho mpaka watu wawili wazunguke basi. Wahesabu nati. Waangalie kama kuna kutu nyekundu inachirizika kutoka kwenye nati kwenda kwenye ringi, hiyo ni dalili kwamba kitu kimelegea na kinasagika. Waulize tairi zilifunguliwa lini, na kama nati zilirudiwa kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu zikishafungwa upya huwa zinajikalia na kulegea kidogo. Ni dakika tano. Hahitajiki hata kuwa mwanafunzi wa uhandisi.

Tulifika Kidatu usiku, tumechoka, tuna njaa, na tupo wote 27. Anayeona ilikuwa hasara alete hoja zake, tubishane kwa amani. Nawasilisha.