Tuandike Barua ya Mtaa Mzima

Katiba yetu ya Kongo, ya 18 Februari 2006, inasema wazi kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Inasema pia, katika kifungu cha 18, kwamba aliyekamatwa aambiwe sababu papo hapo kwa lugha anayoielewa, na asizuiliwe kituoni kupita saa 48 bila kuachiliwa au kukabidhiwa kwa wenye mamlaka ya sheria. Mbona basi mtu wa pikipiki anayedaiwa pesa bila risiti na mwenye sare hapa Mikelenge, komini ya Kindu, analipa tu, na sisi tuliosimama kando tunageuza uso?

Tunaogopa, na woga huo una chanzo. Kindu iliona uasi wa 1964, ikaona vita vya 1996 na vya 1998, na mwenye bunduki hakuwa mtu wa kuulizwa neno. Lakini anayetoza naye anatupima. Leo akikosa wa kumuuliza, kesho anapandisha bei. Asiye nacho analala kasho, ndugu zake wanachanga kumtoa, kisha wanamshukuru aliyemfungia! Hatumlaumu aliye peke yake mbele ya sare. Tunawalaumu wale kumi wanaotazama.

Wengi wakisimama pamoja husikilizwa. Januari 2015 watu wa Kinshasa, Goma na Bukavu waliandamana kukataa mswada wa sheria uliotaka kufungamanisha uchaguzi na sensa ya watu. Wengine waliuawa, na hilo halisahauliki. Lakini siku chache baadaye Seneti, kisha Bunge, zilikiondoa kipengele kile.

Mikelenge haihitaji kufika huko. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka malalamiko kwa serikali, peke yake au pamoja na wenzake. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hairuhusiwi kumshtaki mtu kwa kuandika. Haki hii tumeiacha ilale.

Kila avenyu iandike: tarehe, mahali, kiasi kilichochukuliwa, kama risiti ilitolewa. Watie sahihi wengi, mama wa sokoni na mwalimu na mchungaji na imamu, ili asitafutwe mmoja. Nakala moja iende kwa mkuu wa komini, nyingine kwa washauri wa komini, nyingine parketi, kwa mwendesha mashtaka. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea, na miezi mitatu ianze kuhesabiwa siku hiyohiyo.