Tujue Tunachotafuna

Mtoto hutumwa dukani kununua chumvi au kiberiti. Mwenye duka akikosa sarafu za kurudisha, humtilia mtoto kiganjani chingamu moja au mbili, na mtoto hurudi nyumbani akitafuna chenji ya baba yake. Hakuna aliyekusudia kuinunua, wala hakuna aliyesoma yaliyoandikwa juu ya karatasi yake. Hivyo ndivyo kitu hiki, ambacho watoto wengine hukiita bigijii na wengine bablishi, kinavyoingia majumbani mwetu pasipo mtu yeyote kukiamua.

Ndugu wasomaji, jambo hili huonekana dogo mno hata mtu akashangaa kuliona katika tahariri. Lakini Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, inapowaamuru wanadamu kula vilivyomo katika ardhi, huweka masharti mawili pamoja: kiwe halali, tena kiwe kizuri. Sisi Waislamu wa siku hizi tumekuwa hodari wa kuuliza juu ya sharti la kwanza na wavivu wa kuuliza juu ya la pili. Tukiambiwa kwamba chakula hakina nguruwe wala pombe, tunaona kazi imekwisha. Je, kitu kisicho na nguruwe wala pombe, lakini kinaoza meno ya mtoto au kinamwingizia mwilini vitu asivyovihitaji, tumekitimizia amri yote au nusu yake?

Basi na tukitazame kitu chenyewe. Hapo kale watu walitafuna utomvu wa miti. Wenzetu wa Oman na Usomali wangali wakitafuna ubani. Huko Mexico na Guatemala watu walitafuna utomvu wa mti uitwao sapodila, na ni utomvu huo uliopelekwa Marekani katika karne ya 19 na kuanzisha biashara ya chingamu tunayoijua. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda viliuacha kwa sehemu kubwa, vikashika mipira na plastiki zinazotokana na mafuta ya petroli. Miongoni mwa hizo ni polivinili asetati, ambayo pia hutengenezewa gundi nyeupe ya mbao, na poliisobutilini, ambayo ni ndugu wa mpira wa tyubu za magari. Haya yote mnunuzi hayaoni. Juu ya pakiti huandikwa maneno machache tu, kwamba ndani mna "msingi wa chingamu", na chini ya maneno hayo hufichika orodha nzima.

Tuwe waadilifu hapa. Kitu kutumika katika gundi si ushahidi kwamba ni sumu mdomoni, kwani hata wanga wa muhogo hutumika kubandikia karatasi, nao ni chakula. Viwanda hutakiwa kutumia aina iliyosafishwa kwa ajili ya vyakula. Hata hivyo, mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo yanayostahili kusikilizwa. Walichukua aina 10 za chingamu, tano za plastiki na tano za utomvu wa miti, wakamtafunisha mtu mmoja, kisha wakayapima mate yake. Walikuta kwamba kila gramu moja ilitoa kwa wastani chembe 100 ndogo ndogo za plastiki, na nyingine zilitoa hadi chembe 600. Kipande kimoja huwa na uzito wa gramu 2 hadi 6. Sehemu kubwa kabisa ya chembe hizo ilitoka katika dakika 8 za kwanza. La kushangaza zaidi ni kwamba zile ziitwazo za asili hazikuwa bora kuliko za plastiki. Watafiti wenyewe walisema hawakutaka kuwatisha watu, kwa kuwa madhara ya chembe hizo kwa afya ya binadamu hayajathibitishwa. Utafiti wao ulikuwa mdogo, nasi hatuna ruhusa ya kuukuza kupita walivyousema wao.

Tuje kwenye utamu. Chingamu nyingi za bei ya chini zina sukari ya kawaida, nayo hukaa ndani ya kinywa muda mrefu kuliko sukari ya chai, ikiwalisha wadudu wanaotoa asidi ya kuozesha meno. Hapa hakuna shaka wala mgogoro wa wataalamu. Mzazi anayeogopa majina magumu ya kemikali huku akimpa mtoto wake chingamu ya sukari asubuhi na jioni, anamkimbia nyoka wa kusikia na kumkanyaga aliye miguuni pake.

Zile zisizo na sukari nazo zina maswali yake. Baadhi hutiwa aspateme. Mnamo Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspateme katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi iliouita hafifu. Siku hiyo hiyo kamati ya wataalamu wa FAO na WHO ilisema kwamba kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kinabaki kuwa salama, na kipande kimoja cha chingamu kina sehemu ndogo sana ya kiwango hicho. Wako watu, hata hivyo, ambao kwao aspateme ni hatari ya hakika. Hao ni wale waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao finilketonuria, na kwa ajili yao pakiti huandikwa onyo. Onyo lililoandikwa kwa herufi za ukubwa wa chungu, kwa lugha ambayo mama hakusoma, ni onyo lililoandikiwa nani?

Nyingine hutiwa sobitoli. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa wawili walioharisha kwa miezi mingi na kukonda sana. Mmoja, msichana wa miaka 21, alipungua kilo 11, na mwingine, mwanamume wa miaka 46, alipungua kilo 22. Walipimwa hili na lile, na mwisho ikaonekana kwamba walikuwa wakitafuna chingamu nyingi zisizo na sukari kila siku, yule mwanamume hadi 20. Walipoacha, walipona. Kisa hiki chatufundisha kwamba hata kitu kisicho sumu hugeuka kuwa dhara kikivuka mpaka, na Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura Al-A'raf kwamba hawapendi wapitao kiasi katika kula na kunywa.

Halafu kuna weupe ule unaong'aa juu ya vidonge vya chingamu. Mara nyingi ulitokana na titani dioksidi, iliyoandikwa kwa namba E171. Mwaka 2020 Ufaransa iliizuia katika vyakula. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa shaka ya kuharibu chembe za urithi, na mwaka 2022 nchi zote za Umoja wa Ulaya ziliifuata Ufaransa. Kamati ya FAO na WHO, kwa upande wake, iliitazama upya mwaka 2023 na haikuona sababu ya kubadili hukumu yake ya zamani. Wataalamu basi wametofautiana. Lakini tujiulize: rangi hii humfaidi nini mlaji? Hailishi, haihifadhi, haina hata ladha. Kazi yake ni kupendeza macho. Mtume Mtukufu s.a.w. alitufundisha kuacha lenye kututia shaka na kushika lisilo na shaka, na sijui kama kuna mahali pepesi pa kuyatekeleza mafundisho hayo kuliko kuachana na rangi.

Sasa tuingie katika lile ambalo wengi walilitazamia tangu mwanzo, yaani uhalali wenyewe. Kwa miaka mingi zimekuwa zikipita misikitini karatasi, na sasa ujumbe wa simu, zenye orodha za namba za E zikidai kwamba zote ni mafuta ya nguruwe. Madai hayo si ya kweli kwa jumla yake. E414, kwa mfano, ni gundi ya mti wa mgunga, ambayo nyingi duniani hutoka Sudan, nchi ya Waislamu. E300 ni vitamini C. Lakini haifai vilevile kuyatupa madai yote. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na mara nyingi huko Ulaya mnyama huyo ni nguruwe. Gliserini, yaani E422, na E471 huweza kutoka katika mimea au katika mafuta ya mnyama, na namba peke yake haisemi imetoka wapi. Rangi nyekundu ya E120 hutolewa katika wadudu. Kwa hiyo namba hizi zinamtaka Mwislamu aulize, na anayejua asili yake hasa ni mtengenezaji.

Ndugu zetu wanaosambaza orodha zile huenda wana nia njema. Lakini Sura An-Nahl inatukataza kuzitumia ndimi zetu kusema uongo kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu, na Mtume s.a.w. amemhesabu kuwa mwongo mtu anayesimulia kila alisikialo. Jumuiya inayotaka kuwaamsha watu haiwezi kuwaamsha kwa uvumi. Siku watakapogundua kwamba tuliwadanganya juu ya vitamini C, hawatatusikiliza tutakapowaambia kweli juu ya jelatini. Hasara hiyo ni kubwa kuliko chingamu zote za dukani.

Tusisahau pia lile la kumeza. Watoto wengi wameambiwa kwamba chingamu iliyomezwa hukaa tumboni miaka saba. Hii si kweli, kwa kuwa kipande kimoja hupita na kutoka kama vitu vingine visivyosagika. Lakini mwaka 1998 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto watatu waliozibwa tumbo au koo kwa donge la chingamu. Mmoja wao, wa miaka minne na nusu, alikuwa akimeza vipande vitano hadi saba kila siku. Mtoto mchanga asiyejua kutafuna bila kumeza asipewe kabisa, kwani kwake hatari ya kukabwa iko karibu zaidi kuliko hatari zote tulizozitaja.

Je, tunasema chingamu ni haramu? La, hatusemi. Isiyo na sukari, ikitafunwa muda mfupi baada ya chakula, huongeza mate, na mate husaidia meno. Hili nalo ni kweli na haki yake isemwe. Tunachosema ni kwamba Mwislamu asiingize kinywani mwake, wala mwa mtoto wake, kitu asichokijua kwa sababu tu kimekuja bure mahali pa sarafu.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wasome karatasi kabla ya kuitupa, na asiyejua lugha amwombe mwanawe anayesoma shule amsomee, maana hilo nalo ni somo. Tunawaomba wenye maduka, na wengi wao ni ndugu zetu katika imani, waache kumpa mtoto bidhaa ambayo hakuiomba. Chenji ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyo. Tunawaomba watengenezaji na waagizaji waeleze kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, msingi wa chingamu yao ni kitu gani na gliserini yao imetoka wapi. Na tunawaomba Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa usalama wa chakula, pamoja na wenzao wa Zanzibar na Kenya, walitazame suala la rangi ile ambayo watoto wa Ulaya wameondolewa. Mtoto wa Kigoma hana tumbo la chuma.

Na kwa yule anayetafuta kitu cha kutafuna ili kinywa chake kinukie, tunamkumbusha mswaki. Mtume s.a.w. alisema kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake, angewaamrisha kuutumia katika kila Sala. Mti wake unaota katika ardhi yetu, haufungwi karatasi, na kila mtu anajua ndani yake mna nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kizuri, atulinde na uvivu wa kutouliza na haraka ya kuhukumu, na awahifadhi watoto wetu ambao wao huamini kila tunachowatilia kiganjani. Amin.