Bibi Asiende Peke Yake

Bibi mmoja alisimama kwenye mkutano wa hadhara, katika kijiji kimojawapo cha kando ya mto Ruvuma, akauliza swali ambalo mgeni rasmi hakulitarajia. Mjukuu wake aliaga kwamba anakwenda kuvua upande wa Palma, ng'ambo Msumbiji. Simu yake haipatikani tena, na vijana wawili waliomshawishi avuke bado wanaonekana sokoni. Akatoe taarifa wapi? Aliambiwa akae, ofisi itamtafuta. Ilimtafuta kweli! Kesho yake gari lilimfuata, akahojiwa mpaka jioni kama vile yeye ndiye anayevusha watu. Wale vijana hawakuguswa. Na huyo mgeni rasmi, dakika chache kabla ya swali lile, alikuwa akisifu ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji katika kupambana na ugaidi.

Ushirikiano gani huo, ndugu zangu?

Vyanzo vya ugaidi huu tunavijua: ufukara, gesi ambayo wenyeji huisikia redioni tu, mahubiri ya chuki, dola inayoonekana siku ya kukamata watu. Sivirudii. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, halijatulia. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakaingia Kitaya, ndani ya Mtwara yetu, wakaua na kuchoma nyumba. Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa Tanzania na Msumbiji wakakubaliana kushirikiana. Machi 2021 Palma ikavamiwa. Julai mwaka huo wakaja askari wa Rwanda, kisha kikosi cha SADC, vijana wetu wa JWTZ wakiwamo. Kikosi hicho kilifunga kazi Julai 2024. Mashambulizi hayakukoma.

Sibezi askari. Ila bunduki haiwezi kujua nani kaaga kwenda kuvua na hakurudi. Anayejua ni bibi.

Na kuna aibu kubwa kuliko ile ya mkutanoni. Mwaka 2021, watu waliokimbia kuchinjwa Palma walivuka wakaingia kwetu, na maelfu yao wakarudishwa ng'ambo kupitia mpaka wa Negomano. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilipaza sauti, sisi tukanyamaza. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari kama hiyo, nasi tumeuridhia. Hii ndiyo nchi ambamo Frelimo, chama kilichoikomboa Msumbiji, kilizaliwa mwaka 1962. Askari wetu waliokufa kwa ajili ya Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Miongoni mwa tuliowarudisha walikuwamo Wamakonde na Wamwani, ndugu zetu wa damu, na ndio waliowaona wauaji kwa macho, wakasikia lafudhi zao, wakajua ni nani mwenyeji na nani mgeni. Tulifukuza mashahidi, kisha tukalalamika kwamba taarifa hazipatikani. Akili gani hii?

Basi tuanze na lililo mkononi. Mzazi anayetaka kuripoti mtoto aliyepotea asiende peke yake. Aende na sheikh au padri wake, mwenyekiti wa kitongoji na jirani mmoja anayejua kuandika. Jirani aandike tarehe, saa, na jina la ofisa aliyepokea taarifa. Mzazi akishikiliwa, hao watatu wasiondoke pale mlangoni. Watu wakikaa nje kwenye benchi tangu asubuhi, ofisi yoyote hubadili sauti.

Wenye mitumbwi, mnawajua abiria wenu kuliko mpekuzi yeyote. Kijana akivushwa usiku, nauli ikalipwa na mtu asiyempeleka mwenyewe, mwambieni baba yake kabla mtumbwi haujaondoka. Wenye maduka ya korosho Newala na Tandahimba, acheni kumwita gaidi kila anayesema Kireno. Neno hilo linamsukuma porini mtu aliyekimbia kutoka porini.

Wabunge wa kusini, simameni Dodoma mdai makubaliano yale ya polisi yawekwe mezani, tusome kama kuna hata mstari mmoja unaomlinda mtoa taarifa. Nanyi wenzetu wa Pemba ya Cabo Delgado na Mueda, daini hivyo hivyo Maputo. SADC nayo ina wajibu wake, na kila mwenye nafasi ya kuisukuma aisukume.

Najua woga uliopo. Anayesema hufuatwa na magari, anayenyamaza hufuatwa na mapanga. Watu wa Kitaya walinyamaza nini hata wakastahili kuchomewa nyumba? Hawakunyamaza lolote. Wale vijana wawili bado wanakuja sokoni. Mkiwaona, msiwapige wala msiwachome moto. Nendeni watano, kumi, ishirini, mchana kweupe, mkaseme mnachokijua, na bibi yule awe katikati yenu.