Paka Si Najisi, Lakini Ana Meno

Hapa Maskati paka wamejaa kila pahala: chini ya magari, nyuma ya mikahawa, ngazini hosteli. Hatuwafukuzi, tunawapa mabaki ya samaki, na ni vyema. Lakini kila nikigusia maradhi ya paka, jibu ni lile lile: "Paka si najisi, bwana!" Kweli, hayo tumesomeshwa chuoni tangu wadogo, maji aliyokunywa paka watu wanatilia udhu. Nani kabisha? Mie nasema hilo ni suala la tohara, na vijidudu ni suala jingine. Maji ya kisima yanaweza kufaa kwa udhu na bado yakakuharisha.

Mimi mhandisi, si tabibu. Ila kazi yetu imetuzoesha kuuliza hitilafu inaingilia wapi, na kwa paka mlango mmoja mkubwa ni jino. Jino lake ni jembamba kama sindano. Linaacha tundu dogo, damu kidogo, ngozi inafunga upesi, na bakteria wa kinywani mwake, hasa Pasteurella, wanabaki ndani. Mwenzetu mmoja aling'atwa kidole, akafunga kitambaa, akaenda zake maabara. Kesho yake kidole hakikunjiki, mkono umevimba mpaka kwenye kifundo.

Na huyo ana bahati. Kichaa cha mbwa jina lake linatudanganya, kwani paka naye hukipata na hukiambukiza. Hapa Oman kipo, na wanaokibeba zaidi ni mbweha. Paka wa mtaani nani kamchanja? Nani anajua usiku kapigana na nani? Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo chanjo huokoa. Kwa hiyo uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile, hata kama paka mwenyewe "tunamjua".

Ajabu ni kwamba tunachokiogopa ni kingine kabisa. Mke wa mwanafunzi akishika mimba tu, paka wa nyumbani anatupwa nje. Eti toksoplazma! Ni kweli kimelea hicho huzaliana ndani ya utumbo wa paka, na kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Lakini paka kwa kawaida hutoa mayai yake kwa wiki chache tu, na mayai hayo hayaambukizi mpaka zipite siku 1 hadi 5. Kinyesi kikitolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mama mjamzito, hatari inapungua sana. Kimelea hicho hicho kinapatikana pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zenye udongo. Jamani, bwana yule yule aliyemtupa paka ndiye Ijumaa anamletea mkewe mishkaki inayochuruzika damu.

Kijitabu chetu cha wanafunzi wapya kinaeleza nauli za teksi na duka la unga wa sembe. Naomba viongozi waongeze ukurasa mmoja: chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana hospitali ipi, usiku inakuwaje, na karatasi gani ya bima uende nayo. Utoke kabla ya Septemba, wageni hawajafika.