Methanoli Isijulikane kwa Maafa Pekee

Mkenya wa kawaida alisikiapo neno methanoli, aghalabu hukumbuka matanga. Mnamo Mei 2014, makumi ya watu waliangamia nchini, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa kemikali hiyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba neno la sayansi lilitufikia kwa njia ya taarifa za vifo, ilhali methanoli iyo hiyo huweza kutoa umeme.

Umeme huo huzalishwa katika seli yenye pande mbili zilizotengwa kwa utando. Upande mmoja huingizwa methanoli, wa pili oksijeni ya hewani. Hakuna moto wala mngurumo wa jenereta. Hata hivyo, kazi hiyo haiendi bila kichocheo, na kilichozoeleka ni platini, metali ghali ambayo sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini. Ughali huo ndio mojawapo ya sababu za seli hizi kutoenea.

Je, yawezekana kuepuka platini? Mnamo 1964, mtafiti Raymond Jasinski alionyesha kwamba kampaundi ya kobalti na naitrojeni yaweza kuchochea oksijeni. Waliomfuata wamegeukia chuma, naitrojeni na kaboni. Vichocheo hivi vina sifa ya ziada: methanoli inapopenya utando na kufika upande wa oksijeni, platini huvurugika kazini, lakini vya chuma huathirika kidogo sana. Dosari yao ni kwamba hudhoofika upesi katika asidi ya seli. Upande wa methanoli wenyewe, kupata mbadala wa platini kungali kugumu zaidi.

Basi kazi ingali wazi, na malighafi yake si ya kifahari. Kwa nini wanafunzi wetu wasiishiriki? Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kuyaeleza mambo haya. Nawauliza: kichocheo ni nini? Mpishi huchochea moto. Kuni zikaisha, naye akabaki. Mchochezi wa kisiasa huwasha fujo, mwenyewe akaenda zake salama. Kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa kimo tayari katika lugha yetu, tena kwa uwazi unaomfaa hata mtoto wa shule ya msingi.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa pambo tu endapo maabara zitaendelea kukifungia nje. Idara za kemia na za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ziketi pamoja, ziandike vitabu ambavyo mwanafunzi na fundi wa jua kali watavielewa. Kijana anayeijua methanoli kwa undani atajihadhari nayo kilabuni, na huenda akaitumia kuwasha taa.