Bustani ya Jikoni si Uwanja wa Majaribio

Mwaka 2017, viwavijeshi vamizi walipoingia katika mashamba ya mahindi ya Rwanda, askari wa Jeshi la Ulinzi walipelekwa kuwasaidia wakulima. Askari aliyefunzwa kubeba bunduki alipita kati ya mistari ya mahindi, akafunua jani baada ya jani, akamwokota kiwavi kwa mkono na kumwua. Huenda wapo waliocheka. Sisi hatukucheka. Tulitambua kwamba adui wa nchi haji siku zote amevaa sare, na kwamba njaa ikishaingia nyumbani hakuna lindo liwezalo kuitoa kwa siku moja.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu lipo swali linalotokana nalo, nalo lawahusu askari wa jeshi na polisi kama linavyomhusu mkulima yeyote. Je, familia yenye bustani nyuma ya nyumba ipande mbegu zilizobadilishwa vinasaba? Wako wasemao kwamba mbegu hizo ndizo mwisho wa viwavi na magonjwa. Wako wasemao kwamba ni sumu. Kelele za pande zote mbili ni nyingi, na mwananchi aliyeshika jembe amesimama katikati bila kupewa jibu.

Tuichukue Gitambi iwe mfano wetu. Gitambi imo katika wilaya ya Rusizi, katika ile iliyokuwa Cyangugu, karibu na bonde la Bugarama lenye mashamba ya mpunga. Upande mmoja, kwa Ruhwa, iko Burundi. Upande wa pili, kwa Kamanyola, iko Kongo. Nyuma ya nyumba utakuta kile ambacho Wanyarwanda hukiita akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni: dodo, vitunguu, karoti na nyanya. Pembeni yapo mashina ya mihogo, migomba michache na mistari ya mahindi. Aghalabu bustani hiyo hutunzwa na mke wa askari, kwa kuwa mume yuko lindoni, na wengine wamepata kutumwa hadi Msumbiji na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mshahara ukichelewa au bei ya sokoni ikipanda, bustani hiyo ndiyo ghala la nyumba. Basi anayetaka kuigusa ni lazima aje na hoja, wala si na tangazo la biashara.

Kwanza tuondoe mchanganyiko wa maneno. Si kila mbegu mpya imebadilishwa vinasaba. Mahindi chotara hupatikana kwa kuoanisha mimea ya jamii moja, kazi ambayo wataalamu wameifanya kwa miaka mingi. Maharage yenye madini mengi ya chuma, ambayo wakulima wa Rwanda walianza kupewa tangu mwaka 2010, nayo yalipatikana kwa njia hiyo ya kawaida, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa vivyo hivyo. Mama wa Gitambi anayevipanda asitishwe na mtu yeyote. Mbegu iliyobadilishwa vinasaba ni ile ambayo wataalamu, ndani ya maabara, wameingiza katika chembe zake sifa ya urithi iliyochukuliwa kwingine, ambayo kuoanisha kwa kawaida kusingeileta. Mfano ni mahindi yaliyopewa sifa ya kijidudu fulani cha udongoni, hata yakawa yanatengeneza wenyewe kitu kinachowaua viwavi wanaoyala.

Pili, haki na isemwe. Hatusemi kwamba vyakula hivi ni sumu. Tangu mwaka 1996 mazao ya aina hii yamelimwa kwa wingi katika Marekani na Argentina, na baadaye Brazili na kwingineko. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vile vilivyoko katika soko la kimataifa vimepimwa usalama wake, na haielekei kwamba vitaleta madhara kwa afya ya watu. Uvumi kwamba ukila mahindi hayo utakosa uzazi hauna msingi, na askari mwenye nidhamu hasambazi uvumi. Wala hatusemi kwamba haja haipo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa mihogo, ambao kwa Kinyarwanda huitwa kabore, uliivamia Rwanda kwa ukali mwaka 2014. Shina husimama likiwa na majani mabichi, lakini ukichimba wakuta mizizi imeoza. Anayeidharau hasara hiyo hajapata kuitegemea mihogo. Nchini Kenya, mamlaka ya usalama wa viumbe iliidhinisha mwezi wa Juni 2021 mihogo iliyobadilishwa ili kuukinza ugonjwa huo huo. Hiyo ni kazi ya manufaa, nasi twaiheshimu.

Hata hivyo, kutokuwa sumu ni jambo moja, na kuifaa bustani ya Gitambi ni jambo jingine. Zipo sababu tatu zinazotufanya tuseme kwamba bustani ya jikoni isiwe mahali pa kuanzia.

Sababu ya kwanza ni jirani. Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo. Katika Rwanda, ambako familia nyingi hazina hata nusu hekta, mahindi yangu na ya jirani yangu hutenganishwa na njia ya miguu tu. Nikipanda aina mpya, nimempandia na yeye bila kumwuliza, na mbegu atakayoiweka akiba kwa msimu ujao si ile aliyoijua. Nyanya na maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo shaka yake ni ndogo. Mihogo hupandwa kwa pingili na mgomba kwa chipukizi, na hapo mwenendo huwa mikononi mwa mkulima mwenyewe. Kwa hiyo, mtu anayetoa hukumu moja kwa mazao yote, awe anasifu au analaani, hajalitazama shamba.

Sababu ya pili ni wadudu wenyewe. Katika Afrika ya Kusini, funza wa mabua alijenga ukinzani dhidi ya mahindi yaliyotengenezwa ili kumwua, na habari hiyo ilitangazwa na watafiti mwaka 2007. Dawa ya kuzuia hali hiyo yajulikana. Mkulima hutenga sehemu ya shamba akapanda mahindi ya kawaida, ili wadudu wasio na ukinzani wabaki na kuzaana na wale wachache waliopona. Mwenye shamba kubwa anaweza kufanya hivyo. Mwenye bustani ya hatua kumi kwa kumi atatenga nini? Bustani elfu moja zisizo na utaratibu zaweza kuiharibu silaha hiyo kabla haijawafaa wakulima wote. Askari walielewe hili upesi kuliko wengine, kwani wajua hasara ya silaha nzuri iliyotumiwa ovyo.

Sababu ya tatu ni mfuko. Mwaka 2024 kampuni moja ya Marekani ilianza kuwauzia wenye bustani za nyumbani mbegu za nyanya ya rangi ya zambarau, iliyopewa sifa za ua moja la bustani. Nyanya hiyo ilitokana na utafiti wa miaka mingi uliofanywa Norwich, Uingereza, na mbegu 10 ziliuzwa kwa dola 20. Mwenye fedha na apendezwe na rangi. Lakini twauliza: bustani ya mama wa Gitambi imepungukiwa rangi ya zambarau, au imepungukiwa maji ya kiangazi, samadi na pingili safi za mihogo? Burkina Faso nayo yatufunza. Wakulima wake walianza kuvuna pamba iliyobadilishwa mwaka 2008. Viwavi walipungua, lakini nyuzi zikawa fupi na bei ikaathirika, hata mwaka 2016 nchi ikaiacha. Mbegu yaweza kumshinda mdudu na bado ikamshinda mkulima sokoni.

Majirani zetu wameonyesha jinsi uamuzi huu ulivyo mgumu. Tanzania ilijaribu mahindi ya aina hii Makutupora, Dodoma, kuanzia mwaka 2016, na mwezi wa Novemba 2018 Serikali ikaamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe. Bunge la Uganda lilipitisha muswada mwaka 2017, Rais akaurudisha bila kuutia saini. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2012, ikaondoa marufuku hiyo mwezi wa Oktoba 2022, na shauri likaendelea mahakamani kwa miaka. Rwanda, iliyoridhia Itifaki ya Cartagena mwaka 2004, ilipata sheria yake ya usalama wa viumbe mwaka 2024. Sheria hiyo haikufungua duka la mbegu, bali ilifungua mlango wa kuomba kibali, na anayeingia bila kibali huyo ni mvunja sheria.

Hapa ndipo wajibu wa wasomaji wetu unapoanza. Wenzenu waliopo Ruhwa na katika vivuko vya Mto Rusizi huona kila siku watu wakipita na mizigo yao, na ndani ya mizigo hiyo zimo mbegu na pingili. Twawakumbusha mambo mawili. La kwanza, pingili ya magendo ni hatari hata kama haikubadilishwa chochote, maana kabore husafiri ndani ya pingili zenye ugonjwa. Mtu mmoja mwenye fungu moja begani aweza kuliambukiza bonde zima. La pili, na hili ni zito zaidi, hakuna jicho liwezalo kuitambua mbegu iliyobadilishwa vinasaba kwa kuitazama. Kazi hiyo ni ya maabara. Askari asiende kung'oa mimea ya mjane wa Gitambi kwa sababu jirani yake kanong'ona kwamba ina rangi ngeni. Ukiwa na shaka, chukua maelezo, mwite bwana shamba, peleka taarifa kwa wanaohusika. Sheria inayotekelezwa kwa uvumi huwafanya wananchi waifiche hata mbegu halali, na siku ugonjwa utakapozuka hatakuwepo wa kutoa habari.

Askari mwenyewe naye ni mzazi na mkulima. Likizo ikifika, asirudi nyumbani na mbegu aliyopewa ugenini kama zawadi, hata kama aliyempa ni rafiki mwema. Sare haimpi mtu ruhusa ya kuvusha kile alichomkataza raia kukivusha.

Kwa Serikali na watafiti nao tuna neno. Wajaribu, na wajaribu kwa bidii, katika mashamba yaliyozungushiwa uzio na yenye walinzi, si katika vyungu vya watoto wetu. Waanze na magonjwa yanayomwumiza mnyonge, kama kabore ya mihogo na mnyauko wa migomba, wala si na mapambo. Mihogo hiyo itakapothibitishwa, pingili zake ziwe mali ambayo mkulima aweza kumpa jirani bila kuogopa kushtakiwa, kwa kuwa ndivyo mihogo ilivyopandwa tangu mababu. Na kabla ya kumpa mwananchi mbegu, aambiwe kwa lugha anayoielewa: ni nini, imefanywaje, na likitokea dhara nani atalipa. Mbegu isiyo na mtu wa kuijibia isivuke kizingiti cha nyumba yoyote.

Jibu letu, kwa hiyo, ni hili. Leo, mwenye bustani ya jikoni katika Gitambi asipande mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Apande chotara halali akiweza kuinunua kila msimu, apande maharage ya chuma na viazi vya rangi ya chungwa, achague pingili zilizokaguliwa, na aokote viwavi mapema kabla hawajaingia ndani ya bua. Kesho, sheria ikisimama, majaribio yakikamilika na zao likionekana kumfaa mnyonge, tutakuwa wa kwanza kumwambia apande bila hofu. Kusubiri kwa namna hiyo si woga. Mlinzi mwema hafyatui risasi gizani kwa kuwa amesikia majani yakitikisika, wala halali kwa kuwa usiku ni mtulivu. Huuliza kwanza, “Nani huyo?”, naye hungoja jibu akiwa macho.