Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Wazee walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyeletwa jana hujulikana mara moja, maana huburuta kipande cha kamba huku kuku wenyeji wakimdonoa. Ndivyo alivyo mwanafunzi aendaye kusoma ng'ambo. Hata akiwa hodari wa Kiingereza, na suti yake ikiwa mpya, yapo mambo yatakayomtambulisha kuwa ni mgeni. Wazazi wa Thika na Ruiru wanaouza kahawa au kukopa fedha ili mtoto apande ndege, yafaa wajue mapema atakayoyakuta huko.

Mtu akisimama Thika na kutazama upande wa mashariki huuona mlima Kilimambogo. Karibu na mlima huo, katika shamba la mkonge la Mzungu, Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, na baba yake alifanya kazi ya mkonge hata akawa mnyapara. Mwaka 1946 kijana huyo aliingia shule ya misheni ya Mang'u. Lakini mshahara wa mnyapara haukutosha kumsomesha yeye pamoja na wadogo zake, naye akaondoka ili wao wapate nafasi. Akaenda Kabete kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Siku moja, akiwa peke yake kazini, bibi mmoja wa Kizungu aliingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya akamwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro.

Mwaka 1955 Mboya alipata msaada wa masomo, akaenda Uingereza katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi waliokosa elimu ya juu. Wakati huo Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu wengi walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi, wala hawakuweza kusafiri bila kibali. Kule Oxford Mboya alikaa meza moja na Waingereza, akabishana nao mikutanoni, nao wakamsikiliza. Basi nchi ile ile iliyomtawala kwao ilimpokea kama mtu mzima mwenye akili zake.

Heshima ya namna hiyo ni tamu, na utamu wake una hatari. Mgeni aliyepokewa vema huweza kusahau watu aliowaacha nyuma. Mboya hakusahau. Mwaka 1956 aliandika kijitabu juu ya mambo ya Kenya, kisha akapita Marekani akaonana na watu walioweza kuwasaidia vijana wa Kenya kusoma. Yeye aliyekatizwa masomo kwa ajili ya fedha alitafuta njia ili wengine wasikatizwe. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Mpaka mwaka 1963 karibu vijana 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwenda Marekani kwa mpango huo.

Mmoja wa wale waliokwenda mwaka 1960 alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Yeye na wenzake walikuwa wamesikia kwamba Marekani ni nchi ya uhuru. Walipokuwa safarini kwa basi kutoka New York kwenda Kansas, walisimama katika jimbo la Indiana wakaingia mkahawani kununua kinywaji. Wakaambiwa kwamba hawana ruhusa ya kuketi na kunywa mle ndani kwa sababu ya rangi yao; wakitaka, wakanywee nje. Wakarudi kwenye basi bila kunywa kitu.

Hapo ndipo penye fundisho. Mmoja alikwenda katika nchi ya watawala wake akapata heshima, na mwingine alikwenda katika nchi ya uhuru akafungiwa mlango. Kama Mboya angaliipima Uingereza kwa meza ya Oxford peke yake, angalidanganyika. Na kama Wangari angaliipima Marekani kwa mkahawa ule, angalirudi nyumbani mikono mitupu. Watawa walioendesha chuo chake huko Atchison walimtunza vema, naye akapata digrii ya elimu ya viumbe mwaka 1964. Mwaka 2004 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Siku hizi mtoto wa Ruiru au Thika hana lazima ya kuvuka bahari ili apate elimu ya juu. Kule Juja, katikati ya miji hiyo miwili, kipo chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Serikali ya Japani, na baadhi ya walimu wake walikwenda Japani kusoma kisha wakarudi kufundisha. Hata hivyo wako wanaosafiri kila mwaka, na hao wahitaji kusaidiwa kwa busara.

Mzazi asidhani kwamba picha nzuri iliyotumwa kwa simu ndiyo habari yote. Kijana anaweza kusimama mbele ya jumba kubwa akitabasamu, naye hajala tangu asubuhi, au hajapata mtu wa kuzungumza naye juma zima. Kwa hiyo aulizwe habari za chakula, za baridi na za rafiki, kabla ya kuulizwa fedha. Asidaiwe kujenga nyumba ya mawe kabla hajamaliza mtihani wa kwanza. Naye kijana asione haya kusema kwamba mambo ni magumu, wala asiwadharau wenyeji wote kwa sababu ya mmoja aliyemdonoa.

Kamba ya kuku mgeni ina ncha mbili. Moja iko mguuni pake, na ya pili imo mikononi mwa wale waliomtuma. Anayekwenda asiikate, na waliobaki nyumbani wasiivute kwa nguvu.